Mbona anayeanguka msituni ni mwanamke?

 Nilikuwa nimeahidi kuzungumzia bei ya vitunguu vya Mang'ola. Vitunguu vitasubiri. Limetokea jambo nyumbani kwangu hapa Karatu, Jumamosi jioni, na limeninyima usingizi kuliko vitunguu.

Nilimkuta binti yangu, yuko darasa la sita, amejikunyata kwenye kochi na simu ya kaka yake. Amejitanda khanga ya mama yake hadi puani, macho tu ndiyo yako nje. Alikuwa anaangalia picha ya kutisha. Kwenye kioo, msichana wa Kizungu alikuwa anakimbia msituni usiku, gauni limechanika begani, na nyuma yake linakuja jitu linalotembea polepole kana kwamba limetumwa sokoni. Msichana akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Binti yangu akaniuliza bila kuondoa macho: "Baba, hivi kwa nini wanawake wa kwenye picha hawajui kukimbia?"

Nikacheka, kisha nikatafuta jibu nikalikosa. Mtoto huyu hukimbia kila asubuhi kwenda shule, anashuka korongo na kupanda, na sijawahi kusikia ameanguka mahali pasipo na kisiki. Mimi ni mtu wa redio, nina stashahada ya uandishi wa habari imetundikwa ukutani, na nimeshindwa na swali la mtoto. Leo najaribu kulijibu, na itanibidi nianze kwa kukiri mambo yangu mwenyewe.

Kuogopa picha nilijifunza katika banda la mabati, karibu na soko, miaka ya tisini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, lakini video ilikuwa imetutangulia. Kanda zilipanda kutoka Arusha kwa mabasi na malori, zikachezwa kwa jenereta lililokuwa likinguruma kuliko jitu lenyewe. Ndani tulikuwa wanaume watupu: wanafunzi waliotoroka shule, utingo wa malori, vibarua waliotoka kupokea ujira kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Msichana mwenye kujiheshimu hakuonekana pale. Kwa hiyo waliotazama walikuwa wanaume arobaini, na mwanamke alikuwa mmoja, yule wa kwenye kioo.

Katika picha za ngumi tulikuwa na steling, na kanuni tuliijua hata kabla ya kukaa kwenye benchi: steling hafi. Picha za kutisha hazikuwa na steling. Zilikuwa na jitu lisilokufa na zilikuwa na wasichana. Kazi ya wasichana ilikuwa kufa mmoja mmoja, na karibu kila mmoja alipangiwa shughuli ya kuvua nguo kabla ya kufa. Ama anaoga, ama anabadilisha gauni, ama yuko na mvulana wake kwenye gari. Mwenye banda alikuwa na rimoti, na kipande cha kuoga alikirudisha nyuma mara mbili, mara tatu, kwa maombi ya wateja. Kijana wa kiume akichinjwa hakuna aliyeomba kirudiwe. Nami nilikuwa miongoni mwa waombaji. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa na dada wawili nyumbani.

Sasa tuingie jikoni tuone chakula hiki kinavyopikwa.

Mwaka 1978 ilitoka Marekani picha iitwayo Halloween, iliyoongozwa na John Carpenter. Ilitengenezwa kwa kiasi cha dola 300,000 hivi, fedha kidogo sana kwa Hollywood, ikaingiza makumi ya mamilioni. Picha inaanza kwa kutukopesha macho ya mtu ambaye hatumwoni. Kamera ndiye yeye. Tunachungulia dirishani pamoja naye, tunaingia jikoni, tunaona mkono ukichukua kisu, tunapanda ngazi, tunamkuta dada mtu ameketi mbele ya kioo anachana nywele, kifua wazi. Kinachofuata kinatendwa na mkono ambao, kwa jinsi picha ilivyopigwa, ni kama mkono wetu. Baadaye ndipo tunaonyeshwa muuaji, na ni mtoto wa miaka sita.

Angalia ufundi wake, msikilizaji. Hakuna aliyetuambia tumchukie yule dada. Tumewekwa tu mahali fulani, nyuma ya macho fulani, na miguu ikaenda yenyewe. Yule dada hajui kama anatazamwa. Kumtazama mtu asiyejua kwamba anatazamwa, kwa Kiswahili chetu, ni kuchungulia. Mtoto akikutwa anachungulia bafuni hapa mtaani hula bakora. Katika banda la video tulikuwa tunalipa kiingilio.

Kabla ya hiyo ilikuwako Psycho ya Alfred Hitchcock, ya 1960. Mwigizaji Janet Leigh anauawa bafuni akiwa anaoga, katika kipande kisichozidi dakika moja ambacho kilichukua karibu wiki nzima kupigwa. Damu inayotiririka pale ni sharubati ya chokoleti, maana picha haikuwa ya rangi. Nimekitaja kipande hicho kwa sababu wapiga picha wengi baada yake walikigeuza kuwa mapishi: mwanamke, maji, pazia, kisu. Na wa kuishi katika Halloween, miaka kumi na minane baadaye, ni Jamie Lee Curtis, ambaye ni binti wa kuzaliwa wa huyo huyo Janet Leigh. Mama alikufa bafuni, binti akapona.

Wasomi wamelichambua jambo hili. Mwaka 1975 Laura Mulvey wa Uingereza aliandika kwamba sinema za Hollywood zimejengwa hivi: mwanamume ndiye anayetazama na kutenda, mwanamke yupo ili atazamwe. Mwaka 1992 profesa Carol Clover wa Marekani akaandika kitabu juu ya picha za visu na misumeno, akamtaja yule msichana anayebaki peke yake mwishoni. Clover alisema jambo lililonishangaza kwa sababu nililiona kwa macho yangu bila kulijua. Alisema wavulana wanaotazama huanza upande wa muuaji, lakini picha inapokaribia kwisha huhamia upande wa msichana. Ni kweli kabisa. Banda lile lililokuwa likipiga kelele "Mmalize!" saa moja iliyopita, mwishoni lilikuwa likipiga kelele "Dada, geuka nyuma! Chukua kisu!" Utingo wazima, wanaume wa shoka, wameshika vichwa kwa ajili ya msichana.

Lakini kuna masharti ya kupona. Anayepona aghalabu ni yule asiye na mvulana, asiyelewa, aliyebaki nyumbani analea watoto wa jirani. Wenzake waliokwenda kustarehe wamekwisha kufa, na wavulana wao pia, ila kifo cha mvulana ni cha haraka na kamera haina muda naye. Cha msichana kinavutwa. Na hata huyo mwerevu hapewi sifa zote. Katika Halloween msichana anampiga jitu kwa sindano ya kufumia, anampiga kwa waya wa kutundikia nguo, lakini anayekuja kulimiminia risasi ni daktari mwanamume. Katika Alien ya 1979, Sigourney Weaver anawazidi akili wanaume wote waliomo chomboni, naye pia, dakika za mwisho, kamera inapata kisingizio cha kumwona akiwa na nguo za ndani.

Utafiti wa taasisi ya mwigizaji Geena Davis pamoja na Google, uliohusu filamu za Marekani zilizoingiza fedha nyingi kati ya 2014 na 2016, ulikuta kwamba picha za kutisha ndizo pekee ambamo wanawake wanaonekana kwenye kioo kwa zaidi ya nusu ya muda. Muda wao wa kusema, hata hivyo, haukufika nusu.

Hapo nimezungumzia mwanamke anayekimbizwa. Yuko mwingine, naye ndiye sisi tunayemjua zaidi: mwanamke anayetisha.

Nagina ya 1986, Sridevi akiwa nyoka aliyegeuka mke, ni picha ya Kihindi iliyozunguka Afrika Mashariki nzima. Kisha katika miaka ya tisini zikaja za Nigeria, Nneka the Pretty Serpent na Karishika, zenye mwanamke mzuri aliyetumwa na pepo kuwamaliza waume za watu. Wetu wa Dar es Salaam nao wakaingia. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, ambamo Jennifer Mwaipaja ni jini wa kike anayempenda mwanadamu. Sisemi kwamba picha hizi ni mbaya. Nsyuka ilinitoa jasho nikiwa mtu mzima mwenye mke. Ninachosema ni kwamba uzuri wa mwanamke umefanywa kuwa ndio dalili ya hatari. Akiingia mlangoni amependeza, kucha ndefu, muziki unabadilika, nasi tunajua.

Tazama Living in Bondage ya 1992, iliyofungua njia kwa biashara ya video ya Nigeria. Mume anamtoa mkewe, Merit, kwa chama cha siri ili apate utajiri. Merit hana kosa hata moja. Ameuawa, na tangu hapo anarudi kama kivuli, nasi tunashtuka kila anapotokea. Mtu aliyemuua tunakaa naye sebuleni tunamhurumia. Anayetutisha ni marehemu.

Hapa kwetu hatukuhitaji mkanda kwa hadithi za namna hiyo. Madereva wa njia ya kwenda Ngorongoro husimulia juu ya mwanamke mrembo anayesimamisha gari usiku kwenye ukungu, ukimpakia ukaangalia chini unaona kwato badala ya miguu. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila msimuliaji huapa ni rafiki yake iliyemkuta. Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza kilichomfanya rafiki huyo asimame saa saba za usiku kumpakia mwanamke asiyemjua, na apate nafasi ya kutazama miguu yake.

Wa tatu ni bibi kizee, na hapa naomba tupunguze mzaha. Katika picha zetu nyingi, mchawi ni mwanamke mzee, peke yake, kibandani, macho mekundu. Takwimu za serikali za kati ya 1970 na 1984 zilihesabu watu zaidi ya 3,600 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ilikuwa Usukumani. Macho mekundu yalikuwa ushahidi. Mwanamke aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha atakuwa na macho ya namna gani? Miaka hiyo video ilikuwa haijafika vijijini, kwa hiyo siwezi kusema picha ndizo zilizoua. Kisima kilikuwako. Watengenezaji wa filamu walikuja na ndoo zao wakachota, na maji yale yale wakatuuzia.

Mtaani kwangu yuko bibi mmoja mwenye macho hayo. Anauza ndizi. Mwaka mmoja watoto walipata mtindo wa kumkimbia kwa kelele, wakimwita jina la mchawi wa filamu moja iliyokuwa ikipendwa wakati huo. Aliniambia, "Mwanangu, hawa naweza kuwavumilia, ni watoto. Nawaogopa watakapokua." Sijawahi kuandika habari fupi kuliko hiyo, wala sikuitangaza. Naitangaza leo.

Kinachonisikitisha ni kwamba mahali hapa palikuwa na mpangilio mwingine wa hofu. Wairaqw wa zamani walimwita Mungu Looaa, na Looaa ni wa kike, ni kama mama, yuko juu na jua. Waliokuwa wakiogopwa ni netlangw, wale wakaao kwenye chemchemi na mito. Usidhani nawapamba wazee wetu. Binti aliyeshika mimba kabla ya kuolewa aliaminika kuleta balaa kwa ardhi na mvua, akaondolewa akajifungulie mbali, kwa watu wasio wake. Mwili wa mwanamke kuogopwa si jambo lililoletwa na Wazungu peke yao. Wao wanayo Carrie ya 1976, inayoanza kwa msichana kuona damu yake ya kwanza bafuni shuleni, wenzake wanamzomea, na kutoka hapo hadi mwisho damu hiyo inafanywa kuwa mlango wa maafa. Samahani wazazi mnaosikiliza na watoto. Binti yangu anakaribia umri huo, ndiyo maana nalisema wazi.

Mwaka 1995, Unguja na Pemba, watu walipatwa na hofu ya Popobawa, ambaye ilisemekana huwaingilia usiku wake kwa waume. Wanaume wakalala nje, wamewasha moto, wanalindana. Watu waliwacheka. Mimi nawafikiria kwa namna nyingine: kwa wiki kadhaa mwanamume mzima alijua maana ya kuogopa usiku kwa sababu ya mwili wake mwenyewe. Wake zao walikuwa wanaijua hofu hiyo tangu usichana.

Turudi msituni, ambako swali la mtoto lilianzia. Niliwahi kuandaa kipindi na kina mama wanaookota kuni pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, kule ambako ukungu hukaa hadi saa nne za asubuhi na huoni hatua kumi mbele. Msitu ule una nyati, una tembo. Hakuna mmoja wao niliyemwona akijikwaa. Wanakwenda wengi, wanazungumza kwa sauti ili nyati wasishtukizwe, wanaangalia upepo, wanagusa kinyesi kwa ncha ya kijiti kujua kama ni cha asubuhi. Mimi, mwanamume, ndiye niliyeanguka, na kinasa sauti kikaingia matopeni. Walicheka mpaka wakatua mizigo. Mama mmoja akaniambia nyati hamwogopi kama anavyomwogopa mwanamume asiyemjua kwenye njia ya kurudi.

Mwanamke wa namna hiyo anapigika picha? Anapigika. Maangamizi ya 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ina bibi wa mizimu aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan, na ina Samehe, mgonjwa aliyekaa kimya miaka mingi, aliyeigizwa na Amandina Lihundi. Inatisha, nakuhakikishia. Lakini kamera inakaa usoni mwao, haichungulii. Na mwaka 2017 Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia, alitoa I Am Not a Witch, ambamo wanawake waliotuhumiwa uchawi wamefungwa utepe mweupe mgongoni ili wasiruke. Unacheka, kisha unaona utepe, unanyamaza. Hofu yote ya picha ile inatoka kwa watu walioushika utepe.

Mtu atasema serikali izuie. Sheria ya kukagua filamu na michezo ya kuigiza tunayo tangu 1976, Sheria Namba 4, na wakaguzi wake wamewahi kusimamisha kanda nyingi. Lakini mkaguzi hakai kwenye kochi langu Jumamosi jioni. Na hata angekuwapo, angekata kipande cha kifua wazi akaacha kipande cha kuanguka, maana kuanguka hakuna kifungu cha sheria.

Jumapili baada ya ibada nilimwita binti yangu, tukaiangalia picha ile pamoja tangu mwanzo. Nilimwonyesha kamera iko wapi. "Hapa ni nani anatazama?" nikamuuliza. Akafikiri. "Ni jitu," akasema, kisha, "na sisi." Tulipofika kwenye msitu nikasimamisha picha, msichana akiwa magotini, mkono hewani. Nikamuuliza, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilitegemea aseme angepigana, au angenipigia simu mimi.

Akaangalia kioo muda mrefu. Akasema, "Ningevua vile viatu kwanza."

Wiki ijayo, vitunguu.